Kabla Umwanike Ndugu Yako, Jua Hadithi ya Balokole

Wasee, wiki haiishi bila klipu ya Mkristo akimwanika Mkristo mwenzake. Mwimbaji wa injili ameonekana klabu, msichana wa kwaya amepata mimba, na ndani ya saa moja kila mtu ameshika simu: "Namkemea kwa upendo." Upendo gani huo unahitaji watazamaji elfu kumi?

Halafu kuna upande wa pili, wale wa "usihukumu". Kwao ukiona ndugu anazama, nyamaza, hayakuhusu. Mimi naona pande zote mbili zimekwepa kazi. Chuo sikumaliza, lakini historia sikuiacha huko, na Afrika Mashariki tuna historia ya hii stori.

Twende Gahini, Rwanda, karibu miaka mia iliyopita. Kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari Mwingereza, Joe Church. Mhudumu mkuu hapo alikuwa Yosiya Kinuka, na yeye na daktari hawakuwa wanapatana. Kinuka akaenda Kampala, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda ambaye mwaka 1929 alikuwa ameomba na kusoma Biblia pamoja na Church pale Namirembe. Kinuka akamwaga malalamiko yote kuhusu Gahini. Nsibambi akasikiliza, kisha akamwambia shida iko ndani ya moyo wake mwenyewe, ni dhambi.

Manze, hiyo ni ngumu kumeza. Lakini Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa viongozi wa uamsho ulioanzia huko.

Cheki vile ilifanyika: uso kwa uso, bila hadhira, na mtu aliyekuwa amekaa akamsikiliza kwanza. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya Mathayo 18. Mwendee peke yako. Akikataa, nenda na mmoja au wawili. Kanisa linakuja mwisho. Sisi tumegeuza, tunaanza na dunia nzima, na yeye mwenyewe anajua akiwa wa mwisho.

Uamsho ukasambaa Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Watu wakaitwa Balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda. Walikuwa na kitu waliita kutembea nuruni: kwenye feloshipi unataja dhambi yako wewe kwanza, mbele ya wenzako. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Wamisionari wazungu waliomba Waafrika msamaha, na hii ni enzi ya ukoloni, buda! Kukosolewa hakukujali cheo wala rangi. Na aliyekukosoa leo, wewe ulishasikia uchafu wake wiki jana. Ndiyo maana ungeweza kumwamini.

Lakini si kila mahali ilienda poa. Mwaka 1941, chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, kilifukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kati yao. Walikuwa wanaamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri dhidi ya dhambi chuoni, wakakatazwa, wakakataa kuacha. Walikuwa na ujasiri, hilo siwanyimi. Ila kukemea bweni zima gizani si sawa na kukaa na mtu mmoja kama Nsibambi.

Huku kwetu Nyanza ikawa moto zaidi. Wanauamsho wenyewe waligawanyika: Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, wakatoka Anglikana na kuanzisha Church of Christ in Africa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini hilo jina Johera linaongea. Watu wakiona hawapendwi, watabeba upendo wao waende nao.

Na wanaenda mpaka leo. Namjua dem mmoja aliyesimamishwa mbele ya kanisa zima, akatolewa kwaya. Kabla ya hiyo Jumapili hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Baada yake hakuna aliyebisha mlango wake. Saa hii haendi kanisa lolote.

Sisemi tunyamaze. Nsibambi angenyamaza, Kinuka angebaki na uchungu wake. Nasema kumkosoa ndugu kunakugharimu: nauli, muda, na kukubali na wewe ujulikane. Kama uko tayari kumwambia ukweli lakini hauko tayari kutembea naye miezi sita baadaye, wewe hukosoi, unatangaza.

Kabla ya kuposti jina la mtu, jiulize: nimemwambia yeye? Anajua udhaifu wangu wowote? Akitubu leo, atakuja kukaa na nani?

Na kama kuna mtu ulishamwanika, namba yake si unayo? Mpigie.