Waendeshaji wa spidiwei ambao Waingereza hawajawasahau

JIONI ya Septemba 20, 1963, jijini Edinburgh, Scotland, mwendeshaji pikipiki aliyekuwa mbele ya Peter Craven alipatwa na hitilafu katikati ya mbio. Pikipiki ya Craven, sawa na pikipiki zote za mchezo huo, haikuwa na breki. Kufumba na kufumbua, ilimbidi aamue iwapo atamgonga mwenzake au atajielekeza kwenye uzio.

Alichagua uzio. Siku nne baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 29.

Craven, mzaliwa wa Liverpool, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei mara mbili, mwaka 1955 na 1962. Hata hivyo, wapenzi wa mchezo huo wanapomtaja hadi leo, si mataji wanayoanza nayo. Huanza na uamuzi ule wa Edinburgh, kisha hueleza jinsi kijana yule mwenye umbo dogo alivyoweza kuitawala pikipiki iliyolala ubavu kana kwamba yeye na chombo ni kitu kimoja.

Ndivyo ilivyo kwa wengi wa waendeshaji waliopendwa nchini Uingereza katika karne iliyopita. Orodha ya mabingwa ni jambo moja, na orodha ya vipenzi vya mashabiki ni jambo jingine.

Mchezo usio na breki

Spidiwei huendeshwa kwenye njia yenye umbo la yai, iliyotandazwa mawe yaliyosagwa yakawa laini. Waendeshaji wanne huondoka kwa pamoja pindi utepe unaporuka juu, kisha huzunguka mara nne wakielekea kushoto. Mkondo mmoja huchukua takriban dakika moja tu. Mshindi huvuna pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, naye wa mwisho huondoka mikono mitupu.

Pikipiki yenyewe ina injini ya cc 500 na gia moja, nayo hutumia methanoli badala ya petroli. Kwa kuwa hakuna breki, mwendeshaji hukata kona kwa kuliachilia gurudumu la nyuma liteleze kando, huku mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma ukiburutwa ardhini. Anayekosea hesabu hukutana na uzio, ambao zamani ulikuwa wa mbao au wa nyaya.

Mbio za aina hiyo zilishika kasi nchini Australia katika miaka ya 1920. Nchini Uingereza, wengi huhesabu Februari 19, 1928, kuwa siku ya kuzaliwa kwa mchezo huo. Siku hiyo makumi ya maelfu ya watu walifurika High Beech, ndani ya msitu wa Epping karibu na London, kushuhudia jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamewahi kuliona. Katika muda mfupi, viwanja vilichipuka kote nchini kama uyoga baada ya mvua.

Mashabiki walikaa karibu kabisa na njia. Vumbi la mawe liliwarukia usoni na harufu ya mafuta yaliyoungua ikawaingia nguoni. Wengi walikuja na kalamu ili wajaze wenyewe pointi za kila mkondo kwenye kijitabu cha ratiba. Mwendeshaji wao hakuwa mtu wa mbali, kwani walimwona kila wiki katika uwanja uliokuwa karibu na nyumba zao.

Enzi ya Wembley

Miongoni mwa waliopendwa mwanzoni ni Tom Farndon, mzaliwa wa Coventry aliyekuwa tegemeo la klabu ya New Cross jijini London. Mnamo 1933 alishinda shindano la Star, ambalo wakati huo lilikuwa taji kuu la mtu binafsi nchini humo. Agosti 1935 alianguka katika uwanja wake wa nyumbani, akafariki. Fainali rasmi ya kwanza ya dunia iliandaliwa Wembley mwaka uliofuata, na hadi leo wako wanaoamini kwamba taji lile lingekuwa lake.

Badala yake, Waingereza walilazimika kusubiri. Mabingwa watatu wa kwanza, kati ya 1936 na 1938, walikuwa Waaustralia wawili na Mmarekani mmoja. Fainali ya 1939 ilifutwa kwa sababu ya vita.

Vita vilipokwisha, watu waliochoshwa na dhiki walimiminika viwanjani. Fainali ya Wembley iliweza kuvutia zaidi ya watazamaji 90,000. Mbele ya umati wa aina hiyo, mwaka 1949, Tommy Price wa klabu ya Wembley Lions alishinda mikondo yake yote mitano na kuwa Mwingereza wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia. Nyuma yake alikuwa Jack Parker wa Belle Vue, mkongwe aliyekuwa uwanjani tangu miaka ya mwanzo ya mchezo huo.

Mwaka uliofuata taji lilibaki Wembley, safari hii likaenda kwa Freddie Williams, kijana kutoka Port Talbot, Wales. Alilitwaa tena mwaka 1953. Watu wa Wales walikuwa na sababu yao ya kumwenzi, kwani kwao huyo hakuwa bingwa wa London bali mtoto wa nyumbani.

Wana wa Manchester

Ikiwa kuna mahali ambapo mapenzi kati ya mashabiki na waendeshaji yalikomaa, basi ni Belle Vue jijini Manchester. Uwanja wa Hyde Road ulifunguliwa mwaka 1929 ndani ya eneo la burudani lililokuwa pia na hifadhi ya wanyama. Ni hapo ndipo Craven alipong'aa, na ni Belle Vue waliomwanzishia mbio za ukumbusho zinazobeba jina lake.

Baada ya Craven kushinda mwaka 1962, Uingereza ilikaa miaka 14 bila bingwa. Ukame huo ulikatizwa na Peter Collins, kijana wa maeneo ya Manchester aliyejiunga na Belle Vue mwaka 1971 akiwa bado hajatimiza miaka 18. Septemba 1976, katika uwanja wa Silesia mjini Chorzów, Poland, aliibuka bingwa wa dunia, naye Mwingereza mwenzake Malcolm Simmons akashika nafasi ya pili.

Lakini waulize wazee wa Belle Vue, na wengi watakusimulia kuhusu mwaka 1977. Siku chache kabla ya fainali ya Gothenburg, Uswidi, Collins aliumia vibaya mguuni. Alisafiri hivyo hivyo, akashindana akistahimili maumivu, na akamaliza wa pili nyuma ya Ivan Mauger wa New Zealand. Kwa mashabiki wake, nafasi hiyo ya pili ina uzito unaokaribia ule wa taji la mwaka uliotangulia.

Nyumbani kwao mchezo huo ulikuwa kama urithi. Ndugu zake wanne, Les, Phil, Neil na Stephen, wote walikuwa waendeshaji. Les alimaliza wa pili katika fainali ya dunia ya 1982 jijini Los Angeles, Marekani.

Coventry nao walikuwa na Nigel Boocock. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, lakini alivalia ngozi za rangi ya samawati wakati ambapo wenzake wengi walivaa nyeusi. Mtoto aliyeketi mbali kabisa uwanjani Brandon hakuhitaji kuuliza yule ni nani.

Fahari na majonzi

Mwaka 1980, Michael Lee wa King's Lynn alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 21 pekee, huku Dave Jessup, pia wa Uingereza, akiwa wa pili. Wengi walidhani enzi ndefu ya Waingereza imeanza. Haikuwa hivyo. Mwaka 1981 Mmarekani Bruce Penhall alishinda mbele ya umati wa 92,500 katika fainali ya mwisho kufanyika Wembley, na Lee hakulitwaa taji hilo tena.

Kumbukumbu ngumu kuliko zote ni ya Kenny Carter wa Halifax. Mwaka 1984 alishinda fainali ya Uingereza huku mguu wake uliovunjika ukiwa umefungwa plasta, na mwaka uliofuata akalihifadhi taji hilo. Lakini Mei 1986 alimuua mkewe kwa bunduki, kisha akajiua. Watoto wao waliachwa yatima.

Ujasiri wa Carter uwanjani hauwezi kufutwa katika vitabu, wala unyama wa siku ile hauwezi kufunikwa na ujasiri huo. Mashabiki wengi waliompigia makofi wamebaki na kumbukumbu wasiyojua waiweke wapi. Ni funzo kwamba kumfahamu mtu kwa dakika moja ya mkondo si kumfahamu.

Aidha, uwanja wenyewe haujaacha kudai roho. Mei 2012, Mwingereza Lee Richardson alifariki baada ya kuanguka katika mechi ya ligi jijini Wrocław, Poland, akiwa na umri wa miaka 33.

Kizazi cha karibuni

Mtoto wa nyoka ni nyoka, na Gary Havelock alilithibitisha hilo. Babake, Brian, alikuwa mwendeshaji pia. Mwaka 1992, katika mji huo huo wa Wrocław, Gary aliirejeshea Uingereza ubingwa wa dunia baada ya miaka 12.

Wakati huo bingwa alikuwa bado akipatikana kwa usiku mmoja. Waendeshaji 16 walichuana katika mikondo 20, kila mmoja akishiriki mitano, na hitilafu moja ya injini ingeweza kuzima ndoto ya mwaka mzima. Kuanzia 1995 mfumo ulibadilishwa, na pointi zikawa zinajumlishwa katika duru kadhaa za Grand Prix.

Mfumo huo mpya ndio uliomfaa Mark Loram. Mwaka 2000 alikuwa bingwa wa dunia bila kushinda hata duru moja ya msimu huo. Anayesoma takwimu pekee anaweza kudhani ilikuwa bahati nasibu. Waliomtazama wanajua kwamba Loram alipendwa kwa sababu aliweza kuanza wa mwisho, kisha akawapita wenzake mmoja baada ya mwingine. Tiketi ya kumtazama haikuwa hasara kamwe.

Vivyo hivyo kwa Chris Harris kutoka Cornwall. Juni 2007 jijini Cardiff, katika fainali ya Grand Prix ya Uingereza, alimpita Mmarekani Greg Hancock kwenye mzunguko wa mwisho na kushinda, huku uwanja mzima ukilipuka kwa shangwe. Harris hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, lakini usiku ule unatosha.

Kwa hesabu ya mataji, hakuna Mwingereza anayemfikia Tai Woffinden. Alizaliwa Scunthorpe mwaka 1990 na kulelewa Australia. Babake, Rob, aliyekuwa pia mwendeshaji, alifariki mwaka 2010 kabla ya kushuhudia mwanawe akiwa bingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na 2018. Hakuna raia mwingine wa Uingereza aliyewahi kulitwaa mara tatu.

Katika mashindano ya timu, Uingereza ilishinda Kombe la Dunia mwaka 1989, kisha ikasubiri miaka 32 kabla ya kushinda taji la dunia la mataifa jijini Manchester mwaka 2021. Ililitwaa tena mwaka 2024 katika uwanja ule ule.

Viwanja vilivyotoweka

Furaha hiyo imekuja wakati nyumba za mchezo huo zinapungua. Hyde Road ilifungwa mwaka 1987 na kubomolewa, ingawa Belle Vue walipata uwanja mpya mwaka 2016. Brandon, alikokimbia Boocock, ilishuhudia msimu wake wa mwisho wa spidiwei mwaka 2016. Wimbledon waliacha mbio mwaka 2005, na mahali pao sasa pana uwanja wa kandanda uliofunguliwa mwaka 2020. Wembley ya kale, alikoshinda Price, ilibomolewa ili kupisha ile mpya.

Ardhi ya mijini ni ghali, na mchezo unaofanyika mara moja kwa wiki hauwezi kushindana na mjenzi wa nyumba. Ndiposa kumbukumbu za waendeshaji hawa zina thamani kuliko porojo za wazee. Timu inapopoteza uwanja, mtoto wa mtaa ule hana tena mahali pa kumpata kipenzi chake, na kinachobaki ni yale anayosimuliwa na babake au nyanyake.

Mashabiki wenyewe wamelitambua hilo. Mwaka 2007 walifungua jumba la makumbusho ya spidiwei huko Broxbourne, kaskazini mwa London, ili pikipiki, kofia na mavazi ya zamani yasitupwe.

Huko Custom House, mashariki mwa London, klabu ya West Ham ilikuwa na uwanja uliofungwa na kuvunjwa mwaka 1972. Palijengwa nyumba za makazi. Lakini mitaa iliyochorwa hapo ilipewa majina ya watu wa spidiwei. Upo mtaa wa Atkinson na upo wa Croombs, Waingereza wawili waliowahi kuichezea timu hiyo. Hakuna kati yao aliyekuwa bingwa wa dunia. Hata hivyo, kila siku barua zinaendelea kupelekwa kwenye anwani zenye majina yao.