Somo la Kiingereza Masasi na Newala: Tulikotoka

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Kamati imeniomba niandike historia fupi ya somo la Kiingereza katika sehemu zetu. Nimekubali kwa kuwa nililisoma somo hilo shuleni petu, na baadaye nikarudi kulifundisha hapo hapo. Mwishoni nina jambo la kukiri.

Elimu ya darasani ilifika kwetu pamoja na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi, kutoka Unguja, watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliivamia misheni hiyo, na kazi yake ikahamia Newala. Steere alikuwa bingwa wa Kiswahili, naye alikwisha kuchapisha kitabu cha sarufi mwaka 1870. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotangulia katika mafundisho. Kiingereza kilikuwa cha wachache. Mmoja wa hao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Canterbury huko Uingereza. Alifanya kazi Chitangali tangu 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre.

Tangu hapo mtoto wa kwetu amebeba lugha tatu: nyumbani Kimakonde, Kiyao au Kimakua, shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Sekondari hakukubadilika neno. Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1971, na mwalimu wa hesabu alipofungua mdomo nilidhani anasalimu.

Hata hivyo vitabu vilikuwa vitamu. Shakespeare tulimwogopa, ingawa Mwalimu Nyerere alikwisha kututafsiria tamthilia mbili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Achebe hatukumwogopa hata kidogo. Okonkwo tulimjua, wazee wa namna yake tulikuwa nao vijijini, ila wao walilima mihogo na mikorosho badala ya viazi vikuu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wamedai huko Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwekwe mbele. Sisi hatukuwa na habari ya mabishano hayo, lakini matunda yake tuliyala.

Na kila mzazi alikuwa na mfano wa kutuonyesha: Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, aliyesoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti na baadaye Rais kuanzia 1995 hadi 2005. "Someni Kiingereza kama yule," walituambia. Mwaka 2020 alirudishwa Lupaso kuzikwa.

Sasa nafika kwenye lile la kukiri.

Nilirudi kufundisha mapema katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 tume ya Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari, serikali haikuafiki. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walipima wanafunzi, wakaona wengi hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza. Sisi walimu hatukuhitaji kuambiwa. Lakini mtihani ulikuwa unakuja, nami nikachukua njia ya mkato: niliandika insha ubaoni, vijana wakaikariri. Niliyoipenda zaidi ilihusu safari ya garimoshi. Reli ya kusini ilifungwa mwaka 1962, na wengi wa vijana wale hawakuwahi kuliona garimoshi kwa macho yao. Waliandika juu ya moshi na filimbi, wote kwa maneno yale yale, nami nikawapa alama nzuri.

Siku moja kijana mmoja wa Newala alirudisha karatasi tupu. Nilimwita nikiwa na fimbo mkononi. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, kama hana hata jambo moja la kusimulia. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Ninalo la maji." Akanieleza jinsi mashine za maji zilivyoharibika wakati wa likizo, yeye na mama yake wakawa wanateremka bondeni alfajiri, na siku moja mama akaanguka na ndoo kwenye kona ya mwisho ya mlima. Fimbo niliiweka chini. Nikamwambia aandike kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi.

Makosa yalikuwa tele. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilisoma insha bila kujua sentensi itakayofuata.

Tangu siku hiyo niliifuta insha ya garimoshi. Mwaka 1987 ulipoanza mradi wa Uingereza wa kusaidia somo hili, ukaleta hadithi za Kiingereza chepesi, nilifurahi, lakini asubuhi bado nilianza na swali la Kiswahili: "Umeona nini jana?"

Lakini wako waliopita mikononi mwangu kabla ya kijana yule, na najua baadhi yao watalisoma gazeti hili. Walikuwa na mambo yao ya kusimulia, nami sikuwauliza. Ndugu zangu, naomba radhi. Tutakapokutana siku ya mkutano, njooni na habari zenu, kwa lugha yoyote. Safari hii nitasikiliza.