Mji Uliochoma Watu Kabla ya Tauni Kufika

Tunaposoma historia ya Ekleziya, tunashika upesi majina ya Mapapa na ya Mitaguso, tukaacha matendo ya wakristu wenyewe. Leo tutazame mji wa Strasbourg, mwaka 1349.

Tauni ilikuwa imeingia Ulaya kwa merikebu mwaka 1347. Wala hakuna mganga aliyejua asili yake. Kijidudu chake kilivumbuliwa mwaka 1894 tu. Basi watu wakasema: Wayahudi wametia sumu visimani. Katika nchi ya Savoy, mwaka 1348, Wayahudi waliteswa mpaka wakakiri, na ungamo lile likaandikwa, likatumwa toka mji hata mji. Uvumi uliovaa karatasi hausadikiwi kwa shida.

Baba Mtakatifu Klementi VI, aliyekaa Avignon, hakuusadiki. Mwaka uleule alitoa barua za kuwatetea Wayahudi, na sababu yake hata mtoto aliweza kuifahamu: tauni inawaua Wayahudi wenyewe, tena inaua katika nchi wasipokaa.

Lakini neno la Papa halikushika. Wakubwa wa Strasbourg walidai ushuhuda kwanza. Askofu wao, Berthold, katika mkutano wa Benfeld, akasimama upande wa washitaki. Jambo hili linatuuma sisi mapadri, lakini tusilifiche. Mwezi wa Februari mafundi wakawaondoa wakubwa wale, na tarehe 14 Wayahudi wakachomwa moto katika makaburi yao wenyewe. Waliokubali kubatizwa wakaachwa. Ubatizo gani huo!

Na tauni ilikuwa haijafika Strasbourg. Ilifika baadaye katika mwaka uleule, mashitaka yakiwa yamekwisha kazi.

Sisi watu wa Kongo tusiwacheke. Wakati wa Ebola, kule Butembo, wengi waliambiana kwamba ugonjwa umeletwa na waganga ili wapate feza. Vituo vya wagonjwa vikashambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Kameruni akauawa hospitalini.

Turudi Strasbourg. Deni zote ambazo wakristu waliwiwa na Wayahudi zikafutwa, rehani zikarudishwa, na feza iliyokutwa ikagawanywa kwa mafundi. Padri Jakob Twinger, aliyekuwa mtoto mdogo siku zile, aliandika baadaye kwamba Wayahudi kama wangalikuwa maskini wasingalichomwa. Akaongeza kwamba mafundi wengine, kwa shauri la waungamishi wao, walipeleka fungu lao kanisani.