Kampuni kubwa na biashara changa, Bungoma na Kitale

Kampuni kubwa huzaa biashara changa kwa kadiri ujuzi na malighafi yake inavyofika mikononi mwa watu walio nje ya ukuta wake. Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, ni ushahidi mchungu. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza uzalishaji miaka ya 1970, na mji huo, uliojulikana zamani kama Broderick Falls, ukanenepa kwa mishahara yake: maduka, hoteli, nyumba za kupanga, malori ya magogo. Kilipofungwa mwaka 2009, biashara hizo zilinyauka, kwani mteja wao alikuwa mmoja. Mafundi walibaki na ujuzi adimu usiouzika, maana hakuna afunguaye kiwanda cha karatasi kwa akiba ya mshahara.

Kitale, mwendo mfupi kaskazini, mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilikua sambamba na kituo cha utafiti kilichotoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964. Mbegu hukuzwa na wakulima wa mkataba, hivyo kazi ya kutenga mashamba, kung'oa mbelewele na kukausha mbegu ilizoeleka vijijini. Soko la mbegu lilipolegezwa, kampuni binafsi ya Western Seed ikakita mizizi Kitale hapo hapo. Mtu atasema sifa ni ya sheria mpya. Sheria ilifungua mlango, lakini iliufungua kwa Kenya nzima; wakuzaji wenye uzoefu walikuwa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa miwa. Nzoia, kiwanda cha sukari cha Bungoma, ni kimoja na kikubwa kama Panpaper, na bado kimezungukwa na visagio vya sukari nguru. Tofauti ni kwamba muwa ni mali ya mkulima, na kuukamua na kuuchemsha hakuhitaji mtaji mkubwa. Malipo ya kiwanda yakichelewa, ana pa kuupeleka. Gharama ipo: kiwanda hupoteza miwa kiliyoigharamia mbolea. Hata hivyo familia ya mkulima imelipa karo. One Acre Fund nayo, iliyoanza Bungoma mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea, haikuzaliwa na kiwanda chochote. Ilikuta wakulima waliokwisha kuijua mbegu chotara, zao la miongo ya kazi ya Kitale.