Zuwena Mara Ngapi

Mwaka 1984 kazi yangu ilikuwa kurekodi kanda katika kibanda kimoja Kariakoo. Mteja analeta kanda tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, akirudi magharibi anaikuta imejaa. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na ufundi wenyewe ulikuwa kupiga hesabu wimbo wa mwisho usije ukakatwa kwenye kiitikio. Kanda ya dukani iliyokwisha kuvunjwa vijino vya mgongoni tuliiziba matundu kwa karatasi ya sigara, ikakubali kufutwa na kurekodiwa upya. Penseli ilikuwapo mezani, lakini ya kurudishia kanda.

Nyimbo tulizitoa redioni. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapewa malipo madogo, mkanda ukabaki kwenye maktaba ya redio. Aliyetaka santuri alifunga safari ya Nairobi. Basi tulikaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe, tukimlaani mtangazaji aliyeongea juu ya gitaa.

Neno wizi sikulisikia pale kibandani hata siku moja. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, ila mwanamuziki angemshtaki nani kati yetu, na wakili angemlipa kwa nini? Wenyewe tulijiona tunawatangaza. Tuliwatangaza kweli, sikatai.

“Zuwena” ya Marijani Rajab iliombwa karibu kila siku. Jabali la Muziki huyo, miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kaseti mbele ya nyumba yake, Kariakoo hiyohiyo. Biashara ileile yangu! Alifariki 1995, fukara.

Miaka minne baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ikazaliwa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo. Neno hakishiriki lilinigusa kuliko hakimiliki, kwa kuwa humo ndimo wanamoingia waimbaji na wapigaji, hata kama wimbo si utungo wao. Mtunzi naye analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, tungo za Marijani zina mwenyewe hadi 2045. Tatizo, kaseti nayo ilikuwa inakata roho. Zikaja CD, kisha simu, na kila kijana akawa na kibanda chake mfukoni.

Miaka ya karibuni imeongezwa tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia, sehemu yake iwafikie wasanii. Niliposikia nilichukua kalamu nikajaribu kuhesabu kanda zilizopita kwenye ile mashine yetu. Nilianza na “Zuwena”: mara moja kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka mitatu. Nikaona inatosha, nikafunga daftari.