Shuka Moja, Mitindo Kibao: Dodoma Walivaa Hivi Kabla ya Instagram

Siku hizi ukiingia mtandaoni kila mtu anafundisha habari ya kabati dogo. Nguo chache, rangi zinazoendana, unachanganya tu na kila siku unatoka tofauti. Inaonekana kama kitu kipya kilichoshuka na ndege kutoka Ulaya. Lakini ukifuatilia historia ya nyanda za kati, utakuta watu wa Dodoma walikuwa kwenye huo mchezo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Hawakuupa jina tu.

Anzia kwenye misafara. Katikati ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inatembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na njia yake ilikatiza Ugogo. Sasa Ugogo maji ni shida, na visima vilikuwa na wenyewe. Msafara ukifika, lazima ulipe hongo kwa mtemi ndiyo upite. Wakati ule hongo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa njia. Na ililipwa kwa shanga, waya na, zaidi ya vyote, nguo.

Nguo zenyewe zilikuwa za aina mbili kubwa. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichopewa jina hilo kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Na kulikuwa na kaniki, kitambaa cheusi cheusi cha buluu kutoka India. Kipimo kilikuwa mkono. Mikono minne ilikuwa shuka moja, shuka mbili zikawa doti. Ndiyo maana mpaka leo dada akienda kununua kanga anasema "nipe doti moja". Anatamka neno la wapagazi bila kujua.

Kabla ya hapo watu walivaa ngozi. Kitambaa kilipofika hakikukatwa wala kushonwa. Mwanaume alikifunga begani mtindo wa lubega, bega moja wazi. Usiku kikawa shuka la kulalia, asubuhi ya baridi kikawa koti. Mwanamke kaniki yake ilikuwa vazi, mbeleko na cha kufungia mzigo. Yaani nguo moja, kazi tano.

Sasa mtu atauliza, kama wote wamevaa kaniki, staili ya mtu iko wapi? Iko kwenye vingine. Shanga za shingoni, mapambo ya masikioni, mafuta na udongo mwekundu, na namna ya kufunga lile fundo. Ukitaka kuona, angalia kina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme. Kitambaa ni kilekile cheusi, lakini shanga zikianza kucheza kifuani hakuna anayefanana na mwenzake.

Baadaye ikaja Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Dodoma ikawa stesheni, stesheni ikazaa maduka, maduka yakazaa mafundi wa cherehani barazani. Shati na kaptura zikaingia mjini, lakini kijijini shuka liliendelea.

Halafu ikaja zamu ya serikali kuingia kabatini.

Mwaka 1967 na 1968 kulikuwa na kampeni ya kuwataka wafugaji, hasa Wamasai, waache shuka na kuvaa suruali. Waliambiwa mavazi yao yamepitwa na wakati. Muda si mrefu, tarehe 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza Operesheni Vijana. Hii ililenga mabinti wa mjini. Minisketi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Kwa hiyo mfugaji aliambiwa mavazi yake ni ya kizamani mno, na binti wa Dar akaambiwa yake ni ya kisasa mno. Wote wawili walikosea machoni pa watu ambao hawakuwanunulia hata kifungo.

Miaka hiyohiyo vigogo wenyewe walikuwa na sare yao, Kaunda suti. Koti na suruali ya rangi moja, hakuna tai, unaingia nayo mkutanoni na shambani. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, hizo ndizo nguo zilizoteremka kwenye magari ya serikali. Ukweli usemwe, lile nalo lilikuwa kabati dogo. Tatizo ni kwamba la kila mtu lilifanana.

Mwanzo wa miaka ya 1980 mambo yakakaza. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda vikasuasua, na doti ya kanga ikawa kitu cha kupangia foleni. Hapo nguo chache halikuwa chaguo, ilikuwa shida. Mama alikuwa na kanga ya kutokea na kanga ya nyumbani, basi. Ya kutokea ikichakaa inashuka cheo kuwa ya nyumbani, kisha nepi, kisha dekio. Hakuna kilichotupwa. Ni vizuri vijana wanaosifia maisha ya vitu vichache wakumbuke hili. Kuwa na nguo nne kwa kupenda na kuwa na nguo nne kwa kukosa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bajeti ya 1984 ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa nje, na mitumba ikamiminika. Wengine waliziita kafa Ulaya, kwamba mwenye nguo amekufa huko. Utani ulikuwepo, lakini watu walivaa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha chini alikuwa na uwezo wa kuchagua. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru, na Tanzania ikarudi nyuma. Ona mzunguko huo. Karne ya 19 nguo ya Marekani ilifika Ugogo ikiwa mpya na ikaitwa merikani. Leo inafika ndani ya belo, imeshavaliwa.

Mwaka huohuo wa 2016 agizo la kuhamia Dodoma likawa la kweli, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Wakaja watumishi vijana na mabegi mawili mawili, na waraka wa mavazi wa 2007 unaokataza nguo za kubana na fupi ofisini. Wakakutana na vumbi, jua la Oktoba na upepo wa Juni unaopenya mpaka kwenye mifupa.

Wanaoiweza Dodoma hawana kabati kubwa. Kadeti mbili, mashati matatu ya rangi iliyotulia, sketi moja ndefu, koti moja la Juni, raba zisizoogopa vumbi, na kitenge kimoja kilichoshonwa na fundi anayejua mwili wako. Halafu kitu kimoja ambacho ni chako peke yako, iwe kilemba, hereni au bangili ya shanga. Hicho ndicho watu watakachokukumbuka nacho.

Bibi wa Kigogo alilijua hilo zamani. Kaniki ilitoka India na kila mtu alikuwa nayo. Fundo na shanga vilikuwa vyake mwenyewe.