Thamani ya vyakula vya nishati kwa ng'ombe: hupimwaje?

Mfugaji anaponunua gunia la pumba au dumu la molasi, hulipia uzito. Kinachomnufaisha ng'ombe, hata hivyo, ni nishati iliyomo, na tofauti hiyo aghalabu ndiyo huamua iwapo mauzo ya maziwa yatarudisha gharama ya chakula.

Ni vyakula gani?

Kwa wataalamu wa lishe ya mifugo, chakula cha nishati ni kile ambacho, maji yote yakiondolewa, kina protini ghafi chini ya asilimia 20 na nyuzinyuzi ghafi chini ya asilimia 18. Miongoni mwake ni mahindi, mtama, pumba, mihogo mikavu na molasi. Mashudu ya pamba hayamo, kwani hutegemewa zaidi kwa protini.

Nishati hupotelea wapi?

Kilo moja ya punje za mahindi na kilo moja ya mabua, zote zikiwa kavu kabisa, zikichomwa katika chombo cha kupimia joto hutoa nishati inayokaribiana: megajuli 18 hivi. Tumboni mwa ng'ombe mambo ni mengine. Nishati hupotea katika kinyesi, mkojo na gesi ya methani anayoicheua. Mahindi humwachia megajuli 13 hadi 14; mabua, 7 hadi 8 tu. Kiasi hicho kinachobaki ndicho kipimo cha kuaminika. Lita moja ya maziwa huhitaji takriban megajuli 5, mbali na mahitaji ya mwili wa ng'ombe mwenyewe.

Ondoa maji kwanza

Maji hayana nishati. Tuseme pumba na molasi zote zina megajuli 12 katika kila kilo ya chakula kikavu, na kila moja inauzwa shilingi 540 kwa kilo. Pumba, yenye maji asilimia 10, itatoa megajuli 10.8, yaani shilingi 50 kwa kila megajuli. Molasi, yenye maji asilimia 25, itatoa megajuli 9, yaani shilingi 60. Bei dukani ni moja, lakini molasi ni ghali zaidi.

Tahadhari

Wanga na sukari zikizidi ghafla, vijidudu vya tumbo kubwa huzalisha tindikali nyingi. Ng'ombe huacha kula, huharisha, na huweza kufa. Kwa hiyo nafaka huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, na majani yasikosekane. Protini nayo itafutwe kwingine: mihogo mikavu huwa na asilimia 2 hadi 3 tu.

Mahindi yaliyoota ukungu yasigeuzwe chakula cha mifugo. Sehemu ya sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa, na sumu hiyo si ya kuchezea: mwaka 2004 mahindi yaliyoathirika yalisababisha vifo vya watu 125 nchini Kenya.

Asiye na maabara

Vipimo kamili hufanywa maabara. Hata hivyo, mnunuzi anaweza kunusa pumba kama ina harufu ya uvundo, kuichekecha aone kama imechanganywa na magunzi yaliyosagwa, na kutia konzi moja katika glasi ya maji: mchanga, ukiwamo, utazama chini.